Bidhaa Namba Saba

Mimi na mke wangu tuna karakana ya ushonaji nyuma ya nyumba yetu. Yeye anakata na kushona. Mimi naweka vifungo, napiga pasi na kufunga mizigo. Ndiyo maana majirani wananiita Bwana Pasi. Sichukii, kwa sababu pasi naijua kweli.

Ukutani kuna misumari kumi na miwili, na kila msumari una namba. Hapo tunatundika karatasi za kukatia nguo. Msumari wa saba ni sketi ya kijani. Mke wangu akisema, "Nipe saba," namshushia karatasi ya sketi. Tumefanya hivyo miaka minne bila kukosea hata siku moja.

Mteja wetu mkubwa ni duka moja la sare za shule. Zamani mnunuzi wa duka alikuwa akitupigia simu. Mwaka huu wakasema simu basi. Oda zitatoka kwenye kompyuta yao na kuingia moja kwa moja kwenye kompyuta yetu.

Walituwekea programu. Programu ikaanza kuniuliza: bidhaa namba 1 ni nini? Namba 2 ni nini? Nikatazama ukutani, nikajaza zote chapuchapu. Siku hiyo nilijiona msomi.

Oda ya kwanza ilifika Alhamisi asubuhi. Kioo cha kompyuta kiliandika: Sketi ya kijani, 80.

"Baba Watoto, nani ameandika hayo?" mke wangu akauliza.

"Hakuna mtu. Yamekuja yenyewe."

Akashika kifua. "Makubwa haya!"

Tulishona, tukapeleka Jumanne. Jumatano mzigo wote ukarudishwa. Mnunuzi akapiga simu, sauti kavu.

"Tuliomba mashati meupe themanini, mmetuletea sketi. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Mashati yasipofika Jumamosi saa sita mchana, kazi yenu nampa fundi mwingine."

Mke wangu alikaa kwenye kigoda. Bila duka lile, cherehani zetu zingekaa bure.

"Lakini iliandika sketi," akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Kompyuta yao mbovu," nikasema kwa hasira.

Jirani yetu, Mama Pacha, anafanya kazi kwenye stoo ya duka hilo. Alikuwa amesikia habari, akapita kwetu. Akaomba kuona orodha niliyoijaza. Aliisoma polepole, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

"Shemeji, hizi namba umezitoa wapi?"

"Pale ukutani."

"Basi umekwisha! Dukani kwetu saba ni shati jeupe."

Nikautazama tena msumari wa saba.

"Sikilizeni," akasema. "Kompyuta haijui shati wala sketi. Ya kwetu ilituma namba saba. Namba ilifika salama. Ya kwenu ikaangalia orodha yako, ikakuta sketi, ikasema sketi. Hakuna iliyodanganya. Sisi watu ndio hatukukubaliana kwanza. Na sisi wa dukani tulikosea pia. Tulipaswa kuwapa orodha yetu."

Mke wangu alinigeukia. "Bwana Pasi, leo umetuunguza."

Nilikwenda kufuta meza ya kukatia.

Siku tatu hatukupumzika. Yeye alikata na kushona. Mimi niliweka vifungo mpaka vidole vikafa ganzi. Jumamosi saa tano tukashusha mashati themanini mlangoni pa duka. Mnunuzi aliyahesabu, akatikisa kichwa kukubali. Mke wangu akashusha pumzi ndefu.

Mama Pacha akatuita kwenye kompyuta yake. Kioo kilionyesha: Shati jeupe, 80. Pale mbele, mama mmoja alimnunulia mwanawe shati. Mashine ya malipo ikalia, na palepale 80 ikawa 79.

"Yakibaki ishirini," Mama Pacha akasema, "kompyuta itawatumia oda yenyewe, hata nikiwa nimelala."

Mke wangu alikaribia kioo taratibu. "Yaani yule mama hajui hata kama nipo duniani. Lakini habari zake zinakuja mpaka kwenye cherehani yangu!"

Mwili ulinisisimka. Niliogopa na kufurahi kwa wakati mmoja. Nguo ngapi nimepiga pasi bila kujua zinakwenda wapi!

Tuliketi na mnunuzi, tukapatana. Kila bidhaa ina namba ileile, kwao na kwetu. Idadi ni nguo moja moja, si dazeni. Tarehe inaanza na siku, kisha mwezi. Na oda ikija, tunajibu kwanza tulichoelewa. Wao wakithibitisha, ndipo kitambaa kinakatwa. Sketi zile walikubali kuzichukua muhula uliofuata.

Miezi miwili ikapita, kazi ikienda vizuri. Asubuhi moja kioo kikaandika: Shati jeupe, 800.

"Mia nane!" nikaruka. "Mama Watoto, tumeukata!"

Yeye hakugusa mkasi. "Jibu kwanza."

Nikaandika: Tumeelewa mashati meupe 800, nguo moja moja. Ni sawa? Nikatuma. Tukasimama bega kwa bega, tukikitazama kioo.

Hata dakika mbili hazikuisha. Jibu likaja: Hapana. Ni 80. Mtu wetu aliongeza sifuri alipoiwekea kompyuta idadi. Asanteni sana kwa kuuliza.

Mke wangu alisoma mara mbili, kidole kikifuata kila neno. Macho yake yalijaa machozi.

"Kumbe hata sisi kompyuta inatusikiliza," akasema.

Kisha akachukua mkasi, akakata mashati themanini.