Nati Moja Imebaki

Jioni ile nilitaka kitu kimoja tu: kufunga injini ya pikipiki ya marehemu baba kabla ya chakula. Ni pikipiki ya miaka ya sitini, nami nilikuwa nimeiingiza jikoni kwetu, hapa Lampang, na kutandaza vipuri vya injini kwenye magazeti. Mke wangu Orn, ambaye huniita kaka kama wake wengi wa kwetu, alipita na beseni akauliza kama nilimwomba ruhusa Mae Ya Nang, bibi anayekaa ndani ya kila chombo cha safari, kabla ya kufungua bolti ya kwanza.

Nikamwambia bibi huyo hajui hata kushika spana.

"Na tepe zake ziko wapi?"

Tepe tatu za rangi ambazo baba alizifunga kwenye usukani kwa heshima ya bibi nilikuwa nimezikata asubuhi. Zilikuwa chafu. Nilizifutia oili, kisha nikazichoma kwenye makaa ya jikoni. Orn akatoka kwenda kuchuma mrehani.

Vipaza sauti vya kijiji vikapiga wimbo wa taifa. Saa kumi na mbili, kama kila jioni. Nikarudisha pistoni, silinda, na hedi inayoifunika. Nikakaza. Nati moja ikabaki kwenye gazeti.

Fundi yeyote anaijua hasira hiyo. Nikafungua upya, nikaiweka mahali pake, nikafunga. Ikabaki springi.

Nikafungua tena, nikafunga. Ikabaki ringi ya pistoni, ambayo niliivisha kwa mikono yangu hii.

Vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa.

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa palepale, juu ya paa la jirani. Jikoni kulinukia asmini, nasi hatuna asmini. Niliogopa, sioni haya kusema. Nikatupa spana, nikakimbilia mlangoni, nikavuka kizingiti...

Nikajikuta nimepiga magoti mbele ya injini, spana mkononi.

Nilijaribu mara nne. Ya nne nikalia. Wimbo ukapigwa tena.

Kisha injini ile, bila tone la petroli, ikavuta pumzi.

Hhhh...

"Umenivua," ikanong'ona sauti ya kike. "Nivishe."

Nimvishe nini, nami tepe nimeshazichoma?

Orn akatokea mlangoni. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kaka, nakuita tangu juzi. Mbona hugeuki?"

Nilimsihi asiingie. Nikamweleza kwa kunong'ona bibi anataka nini. Orn alisikiliza, akasema mwanamume mzima nashindwa kumvisha mwanamke. Akararua pindo la sarong aliyokuwa ameivaa kiunoni, vipande vitatu. Akaingia, akavifunga kwenye usukani.

Ringi ikatoweka, gazeti likabaki tupu. Nje giza likaingia ghafla. Nilimshika mke wangu mkono tukatoka, na safari hii tulitoka kweli.

Mtawa wa hekalu letu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema tepe hununuliwa mpya. Bibi hapewi nguo yenye jasho la mtu. Nilipouliza kwa nini, akaanza kuniuliza habari za mpunga.

Orn alikuwa anapika, anacheka, analala vizuri. Nikajiambia yamekwisha, ila pikipiki sikuitaka tena. Jumamosi alikuja mnunuzi, Bwana Kasem, mtu wa Phrae. Akapiga kiki mara moja, injini ikaitika safi, akaomba kuijaribu barabarani.

Nilikuwa bado natabasamu aliposhika barabara kuu.

Orn alitoka jikoni, peku, mwiko mkononi. Akanipita. Nikamwita, hakujibu. Nikamshika kiunoni kwa nguvu zangu zote, akaniburura changaraweni, macho yake kwenye tangi jekundu la pikipiki na vile vipande vya sarong yake usukani, vikipotelea mbali.

"Niachie, kaka," akanong'ona. "Ananivuta."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kasem akasikia, akageuza.

Na mke wangu naye akageuka, akarudi jikoni kukoroga mchuzi.