Pale Mzee Anapovuta Pumzi

Treni ya Kaliua ilikuwa imeingia asubuhi hiyo, na soko la Mpanda lilifurika watu na magunia. Makoye alikuwa kibandani kwake anakorekodia kanda, shati la maua kifua wazi, dansi likilia kwa nguvu. Binti mmoja mwenye gauni la kitenge cha njano akasimama mbele yake, akaweka kanda mbili mezani.

"Habari za kazi, kaka. Kuna mahari pa kukaa?"

Makoye akaangua kicheko. "Mahari? Dada yangu, hata jina hujaniambia, tayari unadai ng'ombe!"

Wateja wakacheka. Binti akainamisha uso. "Natoka Mishamo, kwa wakimbizi wa Burundi. Kwetu herufi yenu hiyo ya l hatuna."

Jina lake Donatille, mwalimu wa kwaya kwenye parokia ya pale mjini. Padri mmoja mzungu aliyerudi kwao ndiye aliyemwachia kanda zile, na sasa binti alitaka zinakiliwe kabla hazijakatika. Zote mbili zilikuwa na konseto ileile, piano moja ikijibizana na okestra nzima, ila wapigaji walikuwa wawili. Ya kwanza ilitokana na santuri ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, mikwaruzo mitupu. Ya pili ilikuwa ya miaka ya sitini, safi kabisa.

Makoye, ambaye alijigamba kumtambua mpiga gitaa yeyote kwa noti ya kwanza, alizisikiliza akanasa, akajitolea na nakala zake mwenyewe. Donatille alirudi jioni kuzichukua. Kesho yake alirudi bila sababu, na kesho kutwa vilevile. Wakawapa majina wale wapiga piano wawili: wa santuri Mzee, wa pili Kijana.

"Kijana hakosei hata noti," Makoye alibisha. "Sikia mkono wa kushoto ule! Mzee wako anateleza tu."

"Anateleza, ndiyo. Ila sikiliza hapa, okestra ikimaliza kuuliza. Kijana anajibu papo hapo. Mzee anavuta pumzi kwanza."

"Kasahau noti huyo, mpenzi."

"Nyie wanaume! Anasikiliza." Kisha akatabasamu, maana lile neno mpenzi lilikuwa limetoka na halikurudishwa.

Kila ulimi wake ulipoteleza, Makoye alimtania: "Mahari au mahali?" Donatille akajizoeza, akawa anaitamka l kwa uangalifu kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Makoye akaona fahari. Laiti angeuacha ulimi ule kama alivyoukuta!

Alipomwambia anataka kumwoa, Donatille akaenda Mishamo kumweleza baba yake. Baba huyo alitaka aolewe na Révérien, kijana wa jirani. "Nitakuita kwa redio ya upepo ya parokia, ile ya kuongea kwa zamu," Donatille alimwahidi Makoye kabla ya kuondoka. "Jumapili, baada ya misa."

Jumapili Makoye alifika parokiani na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Redio ikakoroma, kisha sauti ikapenya, inatetemeka.

"Makoye! Makoye mpenzi, baba amepata mahari! Ova."

Mahari. Donatille alishaacha kulikosea neno hilo. Basi Révérien ameshapeleka, na binti analia. Wivu ukampanda. Akabonyeza kitufe.

"Hongereni. Mimi usinitafute tena. Ova."

Akatoka. Nyuma yake redio iliita jina lake, na sista wa zamu akamsihi arudi. Hakugeuka. Wiki haikuisha akafunga kibanda, akapanda treni kwenda Tabora.

Miaka ikapita. Siku aliyorudi, stesheni ya Mpanda ikiwa imejaa wasafiri, alimwona Donatille karibu na mizigo, mtoto mgongoni.

"Siku ile ulisikia nini?" Donatille aliuliza baada ya salamu.

"Kwamba baba yako amepata mahari."

Donatille akaziba mdomo kwa kiganja. "Mahali, Makoye. Ma-ha-li! Baba alikubali. Alitupatia mahali pa kukaa, hapahapa mjini, mtaa wa Makanyagio, kwa rafiki yake. Nilifurahi mpaka ulimi ukarudi kwetu."

Makoye akakosa pa kutazama. "Kwa nini hukunifuata?"

"Nilikuita mpaka betri ikaisha. Nikaja, nikakuta kufuli. Nikangoja sana. Révérien naye alikuwa ananingoja mimi."

"Nisamehe, Dona."

"Nilishakusamehe." Filimbi ikalia, akamkaza mtoto mgongoni. "Siku hizi unamsikiliza nani?"

"Mzee."

"Umechelewa, mpenzi," alisema taratibu, akaingia behewani.

Jioni ile Makoye alifungua kibanda chenye vumbi, akaiweka kanda ya Mzee. Okestra ikamaliza kuuliza. Mzee akavuta pumzi, na katika kimya kile kifupi Makoye akalia.