Nne Kati ya Mia

"Nne kati ya mia!"

Ndivyo kaka yangu alivyotangaza kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia mbili, huku akipunga hewani mtihani wangu wa Kilatini wa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Ameutunza, wadau! Miaka yote hiyo!

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mdahalo ulihusu iwapo shule yetu ya zamani ifute Kilatini na Kigiriki. Yeye ni mhadhiri wa lugha hizo, nyumbani tunamwita Profesa. Mimi nilitaka zifutwe hata jana.

"Kilatini kinanoa akili," akasema. "Mdogo wangu hapa hakunoleka. Mnamwona wenyewe."

"Kinanoa akili ya nani?" nikamrukia. "Kilikuwa kitasa tu, na ufunguo mlikaa nao ninyi! Hesabu nilikuwa wa kwanza. Nikatupwa gereji kwa sababu ya vitenzi vya watu waliokufa!"

"Kaa chini, Spana."

Spana. Jina la gereji. Wakacheka tena.

Mstari wa mbele alikaa Baba, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Ndiye aliyenitoa shule. "Huyu hafundishiki," alimwambia Mama, na mimi nimesimama hapo hapo. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Siku ya mdahalo hakucheka, hakunitetea. Alitazama viatu vyake.

Mimi sisahau.

Mnaonifuata mnajua nilichojifundisha mwenyewe, kwa simu ya kioo kilichopasuka, chini ya magari ya watu: hisa. Bei ikigonga kiwango kimoja mara tatu, nne, na kurudi chini, hapo pana dari. Ikivunja dari, inaweza kupaa. Lakini sheria yangu mnaijua kama majina yenu: usiingie kwa sababu bei imechungulia! Subiri soko lifunge bei ikiwa juu ya dari. Subiri uthibitisho.

Kati ya wanafunzi wangu wa mtandaoni alikuwepo mmoja aliyejiita Mwanafunzi Mtiifu. Miezi minane, kila asubuhi: "Habari za asubuhi, Mwalimu." Adabu mpaka inakera.

Siku mbili baada ya mdahalo akanitumia picha ya chati aliyoichora kwa mkono, kwa rula. Pembeni ya karatasi... kamusi ya Kilatini! Jalada la kijani, mgongo umefungwa kwa mpira wa bluu.

Damu ikanichemka. Kamusi ile Baba alimkabidhi Profesa siku alipohitimu. Nilikuwepo. Nilikuwa nabeba viti!

Kumbe ukumbini ananicheka, kwenye simu ananiita Mwalimu?

Jumatatu, hisa za kampuni moja ya saruji, zenye dari ya shilingi tisini, zikachungulia tisini na mbili.

"Mwalimu, imevunja dari. Niingie, au nisubiri soko lifunge?"

Nikaangalia. Wanunuzi wa kuhesabu. Mtego mtupu, bei ingerudi chini.

"Usisubiri. Ingia na chote ulicho nacho."

"Chote? Ni akiba yangu ya uzeeni."

"Una shaka na mwalimu wako?"

"Hapana, Mwalimu."

Akaingia.

Saa nane mchana, themanini na moja. Kesho yake kampuni ikatangaza hasara, bei... hamsini na tatu!

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikajibu taratibu, nikionja kila herufi:

"Hufundishiki. Nne kati ya mia. Nilikujua tangu nilipoiona kamusi."

Akausoma ujumbe.

Sikutosheka. Nikampigia Profesa nisikie anavyolia.

"Vipi, msomi, saruji imekukwaruza?"

"Saruji gani? Kwani unajenga?"

"Usijifanye! Kamusi ya kijani nimeiona kwenye picha!"

"Kamusi? Ile nilimrudishia Baba mwaka jana. Alisema anataka awe nayo mezani..."

"Mezani kwa Baba?" nikauliza.

"Spana... umefanya nini?"

Simu ikatetemeka sikioni. Mwanafunzi Mtiifu.

"Kumbe ulijua ni mimi. Haya, mwanangu."

Nikaandika, "Baba, sikujua!" Ujumbe haukwenda. Alishanifungia.

Nimeenda kwake mara tatu. Mama anafungua mlango kiasi cha kutoa uso. "Amelala," ananiambia, na nyuma yake namsikia Baba akikohoa, akiburuta kiti.

Mnauliza kwa nini sifundishi tena. Ndiyo hii sababu. Niliona kamusi moja pembeni ya picha, nikaingia na chuki yangu yote kabla soko halijafunga. Sheria nimeiandika mwenyewe, na aliyeivunja ni mimi. Nyie subirini uthibitisho, kwa hisa na kwa watu.

Kilatini bado nakichukia, msinielewe vibaya.

Lakini neno lile alilonitupia Baba nikiwa na miaka kumi na tano, nimemrudishia jinsi lilivyo... siku ambayo hatimaye alikuwa amekuja kujifunza kwangu.