Vumbi Alilofagia Mfagizi

Jicho-Baridi lilielea mbali kuliko mwezi, limejikunyata nyuma ya ngao yake ya kivuli, likinywa heliamu ya kulipoza tone kwa tone. Darubini hiyo ilinasa miale ya infraredi, yaani joto lisiloonekana kwa macho, na anayetafuta kilicho baridi sharti awe baridi kukizidi. Sasa heliamu ilikuwa ukingoni. Iliyobaki ilitosha kutazama mahali pamoja tu, kisha jicho lipofuke.

Katika kituo cha Mbeya, Daktari Sekela Mwaipaja hakuwa tayari kushindwa. Miaka yote alitafuta vumbi baridi katika vishada vya nyota, yale mabonge ya nyota kongwe zilizosongamana laki kwa laki. Nyota ikizeeka hupukutisha vumbi. Lakini kila picha ilikuja safi.

"Hakuna kitu, Mama," alisema Kihwelo, mhandisi wake. "Jopo la kugawa zamu za darubini linataka heliamu iliyobaki wapimie sayari yao. Tuwape tu."

"Wazee laki tatu nyumba moja, na sakafu inang'aa?" Sekela alicheka kwa hasira. "Nyumba hiyo ina mtu anafagia!"

Kweli alikuwepo: Mfagizi, akili bandia iliyosafisha picha hukohuko angani, maana vumbi la galaksi yetu hutanda kati yetu na vishada.

"Ulimwagiza nini?" Sekela alimgeukia Kihwelo.

"Afagie vumbi."

"Vumbi lipi?"

"Nilisema vumbi, Mama. Basi."

Loh! Yeye alikusudia vumbi la mlangoni kwetu. Mfagizi, asiyejua kuuliza, alifagia letu na la wale wazee, na picha ambazo hazijafagiwa hakuzihifadhi. Sekela alitamani kumzaba kibao kijana wa watu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Mzime Mfagizi," alisema. "Geuza jicho kwenye kishada kimoja."

Jopo lilipiga simu, likaja juu. Sekela alijibu kwa adabu kwamba zamu bado ni yake, akakata.

Picha iliingia chafu kama shuka la wiki nzima. Walipima vumbi la pembeni mwa kishada, wakalitoa wenyewe, polepole, wakibishana kila hatua. Katikati likabaki doa moja, hafifu, baridi. Vumbi la wazee. Sekela alilia waziwazi, wala hakujificha.

Punde kioo kizima cha kompyuta kikawa cheupe. Heliamu ilikwisha, na joto la darubini yenyewe likafunika kila kitu.

"Na vishada vingine vyote?" aliuliza Kihwelo kwa sauti ndogo.

"Tulivifagia."

"Doa moja hawataliamini. Na darubini nyingine ni miaka ishirini, Mama. Wewe utakuwa..."

"Nitakuwa mavumbini," alisema Sekela. "Vuta kiti, tuandike ombi la darubini hiyo."