Chupa Mbili za Maji ya Mvua

Kila mvua ilipokatika, mama yake Chiriku alivaa viatu vyake vya mpira, akabeba sanduku la chupa, akaingia garini na kupiga honi mara mbili. Honi ya kwanza ilikuwa na maana ya "twende". Ya pili ilikuwa na maana ya "nimesema twende!" Mama huyo alikuwa mtafiti wa udongo, na maji yanayoteremka shambani baada ya mvua hayamsubiri mtu anayetafuta soksi.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Bibi yake alimpa kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza, hata akiwa na chakula mdomoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kwa miaka miwili kiti cha mbele cha gari lile kilikuwa chake. Wakifika shambani, mama aliinama kwenye kipimamvua, akahangaika na vile vistari vidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nikopeshe macho yako." Chiriku alisoma milimita, mama akaandika. Basi siku nzima ilikuwa tamu.

Kisha akaja binti wa mama yake mdogo, kukaa nao ili awe karibu na shule. Alimzidi Chiriku kwa mwaka mmoja. Alikuwa na mwandiko mzuri, na jambo likielezwa mara moja halikuhitaji kurudiwa. Wiki ya pili mama akaanza kumwita Profesa. Wiki ya tatu akamkabidhi daftari la mvua, na mwenye daftari hukaa mbele. Chiriku akahamia nyuma na majembe.

Roho ilimuuma, tena ilimuuma kweli. Akiona Profesa anachekeshwa na mama, yeye hununa. Akisikia Profesa anasifiwa, husukuma sahani kando. "Kwani mimi nimekufa?" alijiuliza, akitazama visogo viwili vikiongea mbele yake.

Siku hiyo mvua ilinyesha asubuhi yote. Ilipokatika walikwenda kwenye shamba la Mzee Haraka, mkulima aliyeitwa hivyo kwa kuwa hata chai aliinywa amesimama. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na bwawa walimochota maji ya kunywa watu wengi. Miaka ya karibuni bwawa lile lilikuwa limegeuka kijani na samaki wakaanza kuelea wamekufa. Mama aliamini kwamba mvua ilikuwa ikisomba mbolea kutoka mashambani na kuipeleka bwawani. Ndiyo maana alitenga vipande viwili vya shamba, mahindi yale yale, mbolea ile ile. Chini ya kipande kimoja alipanda ukanda mpana wa nyasi. Cha pili alikiacha wazi. Chini ya kila kipande aliweka bati la kukusanya maji na ndoo yenye mfuniko.

"Daktari," Mzee Haraka alimwambia mama, "nyasi zako zinakula ardhi yangu. Hapo ningepata mistari sita ya mahindi!"

"Mpaka sasa tumepima mvua na tope tu; leo tunapima mbolea, na ndivyo vipimo vya mwisho, mzee wangu. Vikionyesha nyasi hazizuii mbolea, zing'oe."

"Umesema mwenyewe, eh?"

"Nimesema."

Mama akaenda kwenye kipimamvua. Chiriku alikuwa amesimama hapo hapo, karibu kabisa, macho yake mazima na hayana kazi.

"Profesa," mama akaita, "hebu nikopeshe macho yako."

Maneno yale! Yalikuwa yake. Chiriku aligeuka akatazama bwawa mpaka wakati wa kuondoka.

Mama alikuwa na chumba cha kazi chenye sinki, meza ndefu na rafu za chupa. Profesa aliyachuja maji kwa karatasi, maana ya kipande cha wazi yalikuwa tope tupu. Yakishachujwa, chupa zote mbili zilifanana, ungedhani ni maji ya kunywa. Kilichozitofautisha ni lebo zilizofungwa kwa uzi shingoni: NYASI na WAZI. Profesa alizifunga, akatoka kwenda kusafisha vifaa bombani. Mama alikuwa nje akizungumza kwenye simu.

Chiriku hakuwa amepanga lolote. Ila mikono ilimtangulia. Akafungua uzi huu, akafungua na ule, akabadilisha lebo. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Aliona kila kitu kichwani: mama atashangaa, atagundua vipimo haviingii akilini, kisha atasema, "Profesa gani huyu, hata lebo zinamshinda!" Na kiti cha mbele kitarudi kwa mwenyewe.

Mzee Haraka naye alifika, hakuweza kusubiri kesho. Mama akatia unga wa kupimia katika kila chupa. Mbolea ikiwa kidogo, maji hupata rangi ya bluu hafifu. Ikiwa nyingi, bluu hukolea. Walisubiri dakika kumi. Chupa ya WAZI ikawa hafifu kabisa. Chupa ya NYASI ikakolea kama wino.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Labda watoto wamechanganya," alisema Mzee Haraka.

Chiriku akasogea karibu asikie.

"La," mama akajibu. "Profesa hakosei. Mkono wake naujua. Aliyekosea ni mimi na nyasi zangu."

Loo! Hata katika hilo akasifiwa! Chiriku alitaka kupasuka. Lakini mama alikaa kwenye kiti polepole, akasukuma kando daftari la miaka miwili, na uso wake ulikuwa na uchovu ambao Chiriku hakuwahi kuuona.

"Basi kesho asubuhi naleta trekta," alisema Mzee Haraka, kwa sauti ya chini.

Jioni wakiosha vyombo, Profesa aliosha sahani moja mara tatu. "Nimerudia kila hatua kichwani," alisema. "Kama nimeharibu mimi je? Nitamwomba mama mkubwa anirudishe nyumbani."

Chiriku alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa wiki nyingi. Sasa aliyapata, na hayakuwa na ladha yoyote. Alichukua sahani nyingine akaifuta. Chiriku mzima akakosa neno!

Asubuhi honi haikulia. Mama aliingia garini, watoto wote wawili wakamfuata, wakaenda kuondoa ndoo zake kabla ya trekta. Njia nzima Chiriku alijaribu kusema, na kila mara ulimi uligoma. Walipofika, trekta lilikuwa limeshaanza. Nyasi za hatua kama kumi zilikuwa zimelala chali, mizizi juu.

"Simamisha!" Chiriku alipiga kelele akikimbia pembezoni mwa shamba, akipunga mikono yote miwili. "Mzee, simamisha! Ni mimi!"

Mzee Haraka akazima trekta. "Ni wewe nini?"

"Nilibadilisha lebo. Profesa hakukosea. Nyasi hazikukosea. Nilikuwa na wivu, nikataka agombezwe."

Mama aliweka ndoo chini. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Maneno yako nimeyasikia," alisema, "lakini mzee huyu jana alijionea kwa macho yake, na leo lazima ajionee pia. Ndoo hazijamwagwa. Tuanze upya."

Wakapima hapo hapo nyuma ya gari, kwa karatasi na unga wa akiba uliokuwa kwenye sanduku la chupa. Mzee Haraka alichota maji mwenyewe, akafunga lebo mwenyewe, akasimamia mchujo kama anayelinda mpunga wake dhidi ya ndege. Baada ya dakika kumi chupa ya NYASI ilikuwa hafifu, na ya WAZI imekolea.

"Ala!" alisema. "Kumbe kwa mbolea yangu nilikuwa nalilisha bwawa! Nimenunua ya mahindi mimi, si ya majani ya majini!" Akaligeuza trekta lake kwa haraka ile ile aliyokuja nayo.

Chiriku akamwendea Profesa. "Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe," alisema Profesa, machozi yakimlengalenga, "lakini si leo. Leo nipe jembe."

Wakapiga magoti wote wawili, wakaanza kuzirudisha ardhini nyasi zilizong'olewa. Mama akaja akachuchumaa karibu na binti yake.

"Mwanangu, ulisema uongo bila kufungua mdomo. Bado kidogo watu waendelee kunywa maji machafu kwa sababu ya uongo huo. Nami nina langu: nilikuweka nyuma na majembe, nisikuulize unaumia wapi. Lakini sikiliza. Mbolea ikikaa shambani ni chakula. Ikiachwa iteremke ovyo, inakuwa sumu ya bwawa. Kunipenda kwako si kosa. Uliuachia upendo huo uteremke ovyo, ukawa wivu, ukachafua kila ulipopita. Siku nyingine roho ikikuuma, njoo uniambie mapema."

"Ndiyo, mama."

"Na nyasi hizi utazimwagilia mpaka zishike."

Alizimwagilia wiki tatu. Siku ya nne Profesa akamsamehe, wakagombania ndoo wakicheka.

Mvua nyingine ilipokatika, honi ililia mara mbili. Chiriku akaenda zake nyuma kwenye majembe bila kununa, na Profesa akaja kukaa naye huko huko. Baadaye, katika chumba cha kazi, maji yakiwa yameshachujwa, mama alimpa Chiriku lebo mbili na uzi.

"Funga wewe," alisema, akatoka nje kujibu simu.

Chiriku alibaki peke yake na zile chupa mbili. Akafunga ya kwanza, akafunga ya pili, akakagua mara tatu. Kisha akamwita Profesa aje akague na yeye.