Msomaji wa Alhamisi

Hebu kione chumba hiki. Kiko ghorofani, juu ya duka la kuchapa kadi na mabango, na ukipanda ngazi zake za mbao unanusa wino kabla hujaufikia mlango. Ndani mna meza ndefu, chupa ya chai, viti vya plastiki, na watu wanne walioinamia simu zao huku wakicheka. Umekiona? Basi kaa nao kidogo. Ni watu wema, na kilichowapata kiliingia kwa mlango wa wema wao.

Wote wanne walikuwa wanablogu. Mwokaji, mnene mwenye maneno mengi, aliandika juu ya mikate yake. Mzee Nukta, mwalimu mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakusamehe sentensi isiyo na nukta, aliandika juu ya uzee wake na mkewe. Fundi Baiskeli, kijana wa maneno machache, aliandika juu ya barabara, na karibu hakuna aliyemsoma. Wa nne alikuwa Msusi, mama wa binti mmoja, na hadithi hii ni yake.

Msusi alihamia mji ule baada ya kufiwa na mumewe. Kutwa nzima vichwa vya watu vilikuwa mikononi mwake, lakini hakuna aliyemuuliza kichwa chake mwenyewe kimebeba nini. Akaanza kuandika usiku, mtoto akilala, mpaka siku moja Mwokaji alipomwandikia, "Dada, kumbe unakaa mji huu huu? Njoo Alhamisi tunywe chai." Tangu hapo alikuwa na watu.

"Umechelewa leo," Mwokaji alizoea kumwambia. "Tumeshaanza kukusengenya."

"Mmefika wapi? Nisije nikakosa utamu."

Walikuwa na desturi moja. Kabla makala haijawekwa kwenye blogu, huisomi mwenyewe. Mwenzako anaisoma kwa sauti, nawe unakaa kimya kuisikiliza, maana makosa yako huyasikia vizuri zaidi yakitoka kinywani mwa mwingine.

Alhamisi moja Mzee Nukta alikuwa akisoma makala ya Mwokaji juu ya harufu ya unga unaoumuka alfajiri, aliyoiandika kwa penseli kwenye mfuko wa karatasi. Simu ya Mwokaji ikalia.

"Nimepata maoni," akasema.

"Ya makala ipi?"

"Hii."

"Hii ipi?"

"Hii unayoisoma, mzee."

Wakaitazama simu. Kwenye blogu hapakuwa na makala yoyote mpya. Palikuwa na ukurasa mweupe, na chini yake maneno: *Nimeinusa mpaka huku. Endelea. Msomaji Wenu.*

"Mtandao umelewa," Mwokaji akasema, nao wakacheka. Jina lile walilijua. Kwa muda sasa Msomaji Wenu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa maoni kwenye blogu zote nne, kwa maneno yanayomfanya mtu ayasome tena akiwa kitandani. Hata Fundi Baiskeli alisomwa naye. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kuuliza sana.

"Msomaji kama huyu ni wa kukaa naye meza moja," alisema Mzee Nukta.

Mwanablogu hupenda sana kuiona sura ya anayemsoma. Palepale, kila mmoja akaandika kwenye blogu yake mwaliko ule ule: *Karibu kwetu Alhamisi. Kiti chako kipo.*

Wiki iliyofuata wakasikia nyayo ngazini. Ngazi za pale ni fupi, mtoto anazimaliza kwa pumzi moja. Lakini nyayo zile zilipanda, zikapanda, kana kwamba zilianzia chini kabisa ya msingi wa nyumba, na chai ilipoa vikombeni kabla hazijafika. Aliyeingia alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sura ambayo ukigeuza macho umeshaisahau. Pamoja naye iliingia harufu ambayo Msusi aliijua kutoka kazini: nywele zilizoungua kwa kitana cha moto.

"Sikuja na kitu," mgeni akasema kwa upole. "Mimi sijui kuandika. Najua kusoma tu. Mtaniruhusu niwasomee?"

Akasoma ya Mwokaji. Akasoma ya Mzee Nukta, juu ya namna mkewe anavyomwita kutoka jikoni. Akasoma ya Fundi Baiskeli, juu ya mluzi ambao marehemu baba yake aliupiga akisukuma baiskeli mlimani. Kila makala ilitoka kwa sauti ya mwenyewe aliyeiandika, ila tamu zaidi, mpaka Fundi Baiskeli akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi. Msusi peke yake aliona jambo jingine. Macho ya mgeni hayakufuata mistari. Muda wote yalimtazama mwenye makala, bila kupepesa.

"Na wewe, mama?" mgeni akamgeukia.

"Leo sina kitu."

"Unacho," akatabasamu. "Nitakingoja."

Siku chache baadaye Mwokaji alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja kama gunia lililotua.

"Nimeunguza mikate yote," akanong'ona. "Moshi umejaa mpaka majirani wamekuja mbio. Mimi nimesimama pale pale, dada, sisikii harufu yoyote. Nimepeleka pua kwenye mafuta ya taa. Hakuna kitu."

"Labda mafua."

"Sina mafua. Na Mzee Nukta je, naye ana mafua? Jana kaingia kwake, mkewe kamwambia, 'Karibu mgeni, unamtafuta nani?' Miaka yote ile ya ndoa! Fundi naye anajaribu kuupiga ule mluzi wa baba yake, anatoa upepo mtupu."

Msusi akaacha kusuka. Mikono ilibaki hewani juu ya kichwa cha mteja. Alikuwa amekielewa kitu ambacho hakutaka kukielewa: kile alichokisoma mgeni ndicho kilichoondoka. Na ndani ya simu yake mlikuwa na makala ambayo hakuwa amemwonyesha mtu, juu ya binti yake anavyoimba akioga.

Simu ikalia mfukoni. *Hiyo ya mtoto niachie mimi Alhamisi,* yalisema maoni. *Ni nzuri kuliko zote.*

Akaifuta makala papo hapo, neno kwa neno, akamwacha mteja na kichwa nusu, akakimbilia nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Binti yake, msichana mdogo ambaye hakuwahi kumaliza kuoga bila kuimba, alikuwa bafuni, na sauti yake ilitoka pamoja na maji, wimbo wake ule wa kujitungia usio na mwanzo wala mwisho, na Msusi akaegemea ukuta akapumua. Kisha mtoto akanyamaza, maji yakanyamaza, na wimbo ukaendelea. Ukaendelea ule ule, kwa sauti ile ile ya mtoto lakini iliyonyooshwa na kupambwa, ukitoka si bafuni tena bali kwenye kabati la nguo, kisha chini ya kitanda, kisha karibu kabisa na sikio la Msusi, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua, mpaka akausukuma mlango kwa bega akamkuta binti yake amesimama na povu mwilini, mdomo wazi, hautoi kitu.

"Mwanangu! Sema kitu!"

Mtoto akamshika kanga. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Mama, kuna mtu ananisoma."

Asubuhi Msusi alimwita shangazi yake, mwanamke mfupi mkavu aliyezoea kuwatibu watu waliopandwa na majini. Shangazi akamweka mtoto mapajani, akamnusa utosini, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mlimwita?"

"Tulimkaribisha, shangazi. Hatukujua."

"Wangapi?"

"Sote."

"Kwa hiyo nyote ndio mtakaomtoa. Mimi sina dawa ya mgeni aliyealikwa. Kila aliyemwita amwambie usoni: usinisome tena. Asipungue hata mmoja. Akibaki mmoja anayemtaka, huyu mtoto hataimba kamwe."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu, unasema?" Shangazi akamtazama kwa huruma. "Atawasifu, mwanangu. Hapo ndipo mtu anaposhindwa."

Alhamisi wakakaa mezani bila chai. Nyayo zikaanza kupanda, polepole, muda mrefu. Alipoingia, mgeni alivitazama vikombe vitupu, akaelewa.

Mwokaji alikuwa wa kwanza kusimama. "Usinisome tena."

"Nani mwingine atakunusa kama mimi?" mgeni akauliza. Mwokaji akafumba macho, akarudia. Mara akashika pua. "Wino," akasema, akaanza kulia. "Nasikia wino!"

Mzee Nukta akafuata. "Usinisome. Nukta."

Ikawa zamu ya Msusi, na mgeni hakusubiri aseme. Akaanza kuisoma ile makala iliyofutwa, kwa sauti ya Msusi mwenyewe, juu ya maji na povu na mtoto anayeimba, na kila sentensi ilikuwa nzuri kuliko alivyoiandika, ikimwambia kwamba mikono yake haikuumbwa kwa ajili ya vichwa vya watu tu, kwamba yuko mtu mmoja duniani aliyeyaona yote aliyoyabeba tangu siku ya msiba, na ikafika karibu na mwisho, na Msusi, Mungu amsamehe, alitamani kuusikia huo mwisho, alitamani mno, mpaka akauma ulimi akaonja damu.

"Usinisome," akasema. "Usinisome tena."

Akabaki Fundi Baiskeli. Aliangalia meza.

"Fundi," Mwokaji akanong'ona. "Sema, ndugu yangu."

"Ninyi mna wasomaji," Fundi akasema taratibu. "Mimi nina huyu. Lini mara ya mwisho mmoja wenu alifungua blogu yangu? Siku ambayo si Alhamisi?"

Mgeni akaweka mkono begani mwa Fundi, kwa upole, kama baba.

Msusi akapiga magoti mbele ya Fundi. "Mwanangu haimbi tena. Nakuomba. Mimi nitakusoma. Kila utakachoandika, mimi nitakuwa wa kwanza. Naapa."

"Na mimi," akasema Mwokaji.

"Na mimi," akasema Mzee Nukta.

Fundi Baiskeli akamtazama Msusi. Akainua uso kwa mgeni. "Usinisome," akasema, na ilimuuma kusema hivyo, kila mtu aliona.

Kiti kikabaki kitupu. Nyayo zikashuka, zikashuka, zikapita pale ngazi zinapoishia, zikaendelea kushuka.

Jioni ile mtoto aliimba mpaka maji yakaisha kwenye ndoo. Msusi alikaa sakafuni nje ya mlango wa bafu, akilia na kucheka.

Kesho yake Fundi Baiskeli aliweka makala mpya. Siku hiyo Msusi alikuwa na bibi harusi na wasimamizi wake, vichwa chungu nzima. Mwokaji alikuwa na oda za watu aliowaunguzia mikate. Mzee Nukta alikuwa anaitwa na mkewe kutoka jikoni, naye anaitika kabla jina halijaisha. Kila mmoja alijisemea kwamba wenzake wameshaisoma.

Msusi aliifungua Jumamosi asubuhi. Ilimhusu yeye na binti yake, na ilikuwa nzuri. Chini yake palikuwa na maoni ya mtu mmoja tu.

*Safari hii njoo wewe kwangu. Kiti chako kipo.*

Na chini ya hayo, jibu la Fundi: *Nakuja.*

Alikimbia na kanga mkononi mpaka kibandani kwa Fundi. Mlango ulikuwa wazi. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa juu chini kwenye saruji, spana kando yake, na gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka. Alisimama pale akilingoja lisimame. Halikusimama.

Nawe uliyekaa nao chumbani mpaka hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Kama kuna mtu uliyemwambia utamsoma, msome leo.