Taa ya Vikombe Vinne

Kila siku akitoka shule, Kipaza hupitia kwanza kwenye banda la baba yake kabla ya kufika nyumbani. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa sababu yeye akinong'ona dirishani, walio uwanjani humsikia. Baba yake ni fundi bati. Hutengeneza ndoo, mikebe ya kumwagilia bustani na mifereji ya paa, na nyundo yake hugonga tangu asubuhi, redio ikiimba pembeni.

"Umefika, mama?" baba humwambia binti yake bila kuinua kichwa. "Shika hapa. Kwangua."

"Kwangua" ndilo neno linalosikika kuliko yote katika banda lile. Bati chafu halikubali kulehemiwa. Risasi ya kulehemia hukataa kushika, ndoo inavuja, na mteja anairudisha akiwa na maneno yake mdomoni. Ndiyo maana Kipaza alijua kushika tupa na msasa kabla hajajua kusoma sawasawa. Huukwangua ukingo wa bati mpaka ung'ae, kisha baba huutazama na kusema, "Hapo sawa." Kwa kusikia maneno hayo mawili tu, Kipaza angeweza kukwangua paa zima.

Muhula ule mwalimu wa sayansi aliwapa wanafunzi kazi ya kufanya wawili wawili. Kila jozi itengeneze kitu kinachofanya kazi, na zile kazi bora zingeonyeshwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Kipaza akapangwa na msichana aliyeitwa Taratibu. Huyo aliandika taratibu, alitembea taratibu, na kuhusu kusema ndiyo usiulize. Akiulizwa swali darasani, hulitazama dawati lake mpaka mwalimu amwonee huruma na kumgeukia mwingine.

Mwalimu aliwatazama wote wawili akacheka. "Nyinyi nitawawekea sharti langu. Msemaji atatengeneza. Mkimya ataeleza."

"Mimi?" Taratibu akashtuka. "Nieleze mbele ya watu?"

"Ndiyo, wewe. Na wewe Kipaza utaufunga mdomo wako. Najua ni adhabu, lakini utapona."

Katika kitabu chao walichagua somo la kutengeneza betri kwa vitu vya kawaida. Unatia maji ya chumvi katika vikombe vinne. Katika kila kikombe unatumbukiza kipande cha bati upande mmoja na waya wa shaba uliokunjwa upande wa pili, bila kugusana. Kisha unaunganisha bati la kikombe hiki na shaba ya kikombe kinachofuata, mpaka mwisho wa mstari. Ukiunganisha kitaa kidogo na ncha mbili zilizobaki, kinawaka. Kipaza alikuwa na kitaa chekundu kilichochomolewa kwenye redio mbovu, na vipande vya bati vilijaa chini ya meza ya baba yake. Akaona kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Alifanya kazi yake kwa bidii, hilo hakuna wa kumnyima. Alivikwangua vipande vyote kwa tupa, akavisugua kwa msasa pande zote mbili mpaka mkono ukamuuma na vipande vikang'ara. Akaupangusa waya. Akatia chumvi, akakoroga, akaunganisha.

Kitaa hakikuwaka.

Akaongeza chumvi. Kimya. Akakigeuza kitaa, maana vitaa vya aina hiyo vina upande wake. Kimya vilevile. Akamwaga maji, akatia ya moto. Akabembeleza, akatukana kidogo, akabembeleza tena. Wapi!

Alipokuwa bado ameinama juu ya vikombe, Taratibu akatokea mlangoni mwa banda, anahema. Siku hiyo hakwenda taratibu hata kidogo.

"Kipaza, nimeweza! Nilianza kuwaeleza kuku wetu, halafu leo nimemweleza mama, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama! Mama amelia." Mama yake alikuwa muuguzi, mtu asiyelia ovyo. "Amesema hajawahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Kesho mwalimu akituchagua, nitasema mbele ya watu wote. Mimi, Kipaza! Je, inawaka?"

Kipaza alisimama akavikinga vikombe kwa mgongo wake. Alitaka kusema haiwaki. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini uso ule uliokuwa mbele yake ulikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona, akaona haya kuizima.

"Inawaka," akasema. "Nenda ukalale, bibie. Utaiona kesho."

Baba alipotoka kununua misumari, Kipaza alifungua redio ya banda akatoa betri zake mbili. Alizifunga chini ya ubao uliobeba vikombe, akapitisha nyaya katika tundu dogo, akazificha nyuma ya kikombe cha mwisho. Kitaa kikawaka vizuri sana. Baba aliporudi na kukuta redio imenyamaza, akaitikisa.

"Hii nayo imekufa?"

"Labda betri zimekwisha, baba," Kipaza akasema, akashangaa jinsi uongo wa pili ulivyotoka bila shida.

Kesho yake darasa zima lilivizunguka vikombe. Taratibu alisimama mbele, akavuta pumzi, akaanza. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikakua. Alieleza chumvi inafanya nini, shaba iko wapi, bati liko wapi, umeme unapita vipi, na alipomaliza kitaa kilikuwa kinawaka kama kinamuunga mkono. Wenzake walipiga makofi mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

"Inang'aa kuliko nilivyotegemea," mwalimu alisema akikitazama kitaa kwa muda. "Hongera. Nyinyi mtaonyesha mbele ya wazazi."

Taratibu alirukaruka. Kisha akamshika Kipaza mkono. "Nipe vipande vinne vya bati. Mama atakuwa zamu hospitalini siku ya wazazi, hataweza kuja. Nataka nimtengenezee nyumbani aione."

Kipaza angesema nini? Alimpa vipande, akampa na msasa. "Ukwangue vizuri," akamwambia, akaondoka haraka.

Jumatatu Taratibu alifika shuleni na mfuko wa plastiki wenye vikombe vyake mkononi, macho yamevimba. Alimvuta Kipaza nyuma ya madarasa.

"Mtafute mwingine wa kueleza," akasema.

"Kwa nini tena?"

"Yangu haikuwaka. Nimefanya kila kitu kama ulivyosema. Nimerudia mpaka mama akaniambia basi, mwanangu, pumzika. Nitawaelezaje watu kitu ambacho mikono yangu imekishindwa? Nimekwambia toka mwanzo mimi si mtu wa mambo haya. Nitakuaibisha."

Kipaza alikuwa amejiandaa kushikwa na mwalimu. Alikuwa amejiandaa hata kuchapwa kwa maneno na baba. Hakujiandaa kumsikia rafiki yake akijilaumu kwa kosa lisilo lake.

"Mikono yako haina kosa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata kwenye ukuta. "Hata yangu haikuwaka. Niliweka betri za redio chini ya ubao."

Taratibu aliuweka mfuko chini.

"Kwa hiyo siku ile mbele ya darasa nilikuwa nasema uongo?"

"Wewe hukujua."

"Lakini mdomo ulikuwa wangu, Kipaza!" Machozi yakamtoka. "Mara yangu ya kwanza kusema mbele ya watu, ukanifanya niseme uongo. Na mama nimemdanganya."

Kipaza alitaka kumshika bega, Taratibu akalikwepesha. "Usiniguse. Twende kwa mwalimu. Utamwambia mwenyewe."

Mwalimu alikuwa peke yake katika chumba cha sayansi, akifuta meza. Kipaza alisema yote, akiwa amevikazia macho viatu vyake. Mwalimu aliupindua ubao, akazitoa betri moja moja, akaziweka mezani.

"Mimi umenidanganya, nitapona," akasema. "Huyu je?"

Kipaza akaanza kulia. Mwalimu alimwacha alie kidogo, kisha akampa kitambaa. "Haya, futa kamasi. Kesho asubuhi utawaambia wenzako darasani kama ulivyoniambia mimi. Ila sasa nataka kujua jambo moja. Kwa nini haikuwaka? Leteni vikombe."

Alichukua kipima umeme cha shule, kile chenye mshale, akagusisha nyaya zake kwenye kikombe cha kwanza cha Kipaza. Mshale ukasogea kidogo tu, kwa uvivu. Cha pili vivyo hivyo, cha tatu na cha nne. Wakatia maji ya chumvi katika vikombe vya Taratibu, navyo vikaonyesha uvivu uleule. Walipofika cha mwisho, mshale ukaruka karibu mara mbili ya vile vingine.

"Alaa!" mwalimu akainama. "Hiki umekifanyaje?"

Taratibu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu. Hicho sikukikwangua. Msasa uliisha, nikakiweka na vumbi lake hivyo hivyo. Niliona aibu kusema."

"Hukukwangua?" Kipaza akasahau machozi yake. "Bati huwezi kulitumia bila kukwangua!"

"Nani amesema?" mwalimu akauliza.

"Baba! Lazima liwe safi ndipo lishike."

"Lishike risasi, sawa. Na bati linapotoka kiwandani, juu yake hupakwa nini?"

"Zinki. Ndiyo inayozuia ku..." Kipaza akaganda, mkono mdomoni. "Mungu wangu! Zinki yenyewe nimeikwangua yote! Nilibakiza chuma kitupu!"

Mwalimu alijitupa kitini akicheka mpaka miwani ikamshuka. "Betri hii inataka zinki na shaba. Chuma nacho kinatoa umeme, lakini kidogo, hauwezi kukiwasha kitaa. Mimi nisingewaza hata siku moja kwamba kuna mtoto atasugua bati mpaka aimalize zinki. Ni binti wa fundi tu anayeweza kufanya kosa la namna hii!"

Hata Taratibu alicheka, ingawa hakumtazama Kipaza.

Jioni Kipaza alirudisha betri kwenye redio mbele ya baba yake, akamweleza. Baba aliweka nyundo chini. "Na mimi nimekwenda kugombana na mwenye duka kwamba ananiuzia betri mbovu! Kesho tutakwenda wote wawili, utamwomba radhi yule mzee kwa mdomo wako." Kisha akainama chini ya meza, akachagua vipande vipya vya bati. "Chukua hivi. Na tafadhali, safari hii usinisaidie kukwangua."

Siku ya wazazi ilifika. Chumba cha sayansi kilijaa, na vikombe vilipangwa karibu na dirisha. Kitaa kiliwaka, lakini kwa unyonge, chekundu kidogo kama kinachotaka kusinzia. Ikabidi mwalimu avute pazia. Mzazi mmoja mwenye tumbo kubwa na sauti ya kufanana nalo akasogeza uso.

"Taa gani hii? Mbona inawaka kwa shida?"

Watu wakacheka. Kipaza akamtazama rafiki yake kwa hofu, akidhani sasa atalitazama dawati. Taratibu aliinua kichwa.

"Inawaka kwa shida, mzee," akasema polepole, "lakini haisaidiwi na kitu. Ukitaka, pindua ubao uangalie."

Yule mzazi akaupindua kidogo, akatazama, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Taratibu akaendelea. Alieleza chumvi, akaeleza shaba, akaeleza zinki na kwa nini isikwanguliwe. Hapo akanyamaza, akamgeukia Kipaza. Kipaza akasogea mbele, akawaambia wageni wote jinsi alivyoficha betri. Uso ulimwaka, lakini hakuruka neno. Baba yake, aliyesimama nyuma na mikono yenye makovu ya kulehemia, hakuinamisha kichwa.

Wageni walipoondoka, mwalimu aliwaita mezani.

"Kipaza, taa yako ilipokataa kuwaka, ilikuwa inakuonyesha kosa lako. Ungeiacha ikatae mbele yetu, tungelitafuta kosa siku ileile na kulipata. Wewe ukalifunika. Kushindwa mbele ya watu kunauma, nakubali. Lakini ulipokwepa maumivu yako, ulimbebesha mtu mwingine, tena yule aliyekuamini kuliko wote. Kumbuka hilo kila utakapotaka kumfurahisha mtu kwa uongo."

"Nimesikia, Mwalimu," Kipaza akasema, akamgeukia Taratibu. "Nilitaka tu ufurahi. Nisamehe."

Taratibu alichomoa waya mmoja, kitaa kikazimika. Akauchomeka tena, kikawaka.

"Siku nyingine ikikataa," akasema, "niite. Tukataliwe wote wawili."